Aabo, Ule Uso wa Ukutani

Aabo, baba yangu mpendwa,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyokuwa ukiitumia na askari, makarani na wanunuzi wa mbuzi kutoka bara, kwa sababu Kisomali chetu najua kukisema tu. Shuleni hawakunifundisha kukiandika. Najua ungeuliza kwanza ni nani atakayeisoma barua hii. Nakujibu mapema: yeyote atakaye. Nimeiacha wazi makusudi, ili na wale waliokuwa wakinyamaza ukipita sokoni waisikie. Kuna neno lilisemwa juu yako hapa Garissa, likakufuata mpaka siku tuliyokuzika, majira yale Tana ilipovunja kingo na barabara ya Nairobi ikakatika. Jibu la neno hilo limenifikia wakati wewe hupo tena.

Wanaokusoma humu bila kukujua, niwaambie kwanza ulivyokuwa. Ulikuwa mtu wa kushuku. Hotelini hukukaa ila mgongo ukiwa ukutani na macho mlangoni. Mtu akikuamkia, ulimtazama miguu kabla ya kumwitikia salamu. Nilipokuuliza kwa nini, ulisema mdomo hufundishwa la kusema lakini viatu havifundishwi. Viatu husema mtu ametoka wapi. Mwuza duka akikupunguzia bei bila kuombwa, uliirudisha bidhaa kwenye rafu ukaenda zako. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, mpaka siku uliyonieleza habari ya ndugu yako.

Ulinieleza mara moja tu, tukiwa tunasubiri mbuzi wanywe. Ulisema siku zile za operesheni ya askari wanaume walikusanywa uwanjani, wakakalishwa juani, kisha likaja gari ambamo aliketi mtu aliyefunikwa kichwa kwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Wanaume walipitishwa mbele yake mmoja mmoja. Gunia likitikisika, mtu alitolewa mstarini. Lilitikisika kwa ndugu yako, naye hakurudi. Ulisema mpaka leo hujui aliyekuwa ndani ya lile gunia. Huenda ni mtu unayemwamkia kila Ijumaa msikitini. Kisha ukaniambia neno ambalo sikulielewa kwa miaka mingi: "Uso ni kitu cha kuazima watu kwa uangalifu, binti yangu. Ukishatoka mikononi mwako, hujui nani ataushika."

Na Mungu akakupa mtoto anayechora nyuso.

Sikuwahi kuwa na mwalimu wa kuchora. Watu wa Nairobi wakija siku hizi huniuliza nilijifunza wapi, na nikisema kwako wanadhani ninaleta unyenyekevu. Lakini ni kwako. Ukame ulipotumalizia ngamia, tukahamia mjini na mikeka ya Hooyo, mama yangu, ambaye tayari alikuwa ametangulia mbele ya haki, na wewe ukawa bawabu wa ghala. Jioni ulikaa mlangoni ukichora mchangani kwa fimbo alama za moto za ngamia: hii ya kwetu, hii ya wajomba, hii ya watu wa Wajir tuliowahi kupigana nao, hii ya wale tuliooana nao. Nilitazama mstari mmoja uliopinda ukiwa ukoo mzima wa watu. Hapo ndipo nilipojua kwamba mstari unaweza kubeba mzigo.

Nikaanza kuchora ngamia wenyewe, kwa mkaa, kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba. Nilitarajia fimbo. Ulisimama ukamtazama ngamia wangu kwa muda mrefu, halafu ukasema, "Huyu hajanywa maji." Sikujua kama unanigombeza au vipi. Ukaniwekea kidole kwenye nundu: nundu ya ngamia mwenye njaa hulala hivi, na ubavu wa aliyekunywa hujaa hivi. Kuhusu mchoro wenyewe hukusema kitu, ulimsahihisha ngamia. Nikamnywesha maji yule ngamia kwa mkaa, ukaenda zako, na ukuta ukabaki. Kwa wiki nyingi ulinirudisha hapo: huyu ana mimba, mbona anatembea kama fahali, huyu amepoteza ndama, mfanye atazame nyuma.

Mengine niliyaokota. Mikeka ya Hooyo ilinifundisha rangi zinazopatana na zinazogombana. Malori ya kutoka pwani yalikuja na simba na tai ubavuni, nami nilisimama stendi nikiwatazama mpaka utingo wanifukuze. Kwa brashi nilitafuna mswaki mpaka ncha ikawa nyuzi. Kwa mistari myembamba nilifunga manyoya ya mkia wa mbuzi kwenye kijiti. Rangi nyekundu ilikuwa udongo wa njia ya Balambala, nyeusi ilikuwa masizi, na nyeupe ilikuwa chokaa. Kivuli nilikijua kwa punda: nilimfunga mmoja uani nikamtazama kutoka asubuhi hadi alasiri, nikaona tumbo lake lina rangi nyingi kuliko mgongo wake. Ulipita ukauliza huyo punda amefanya kosa gani.

Kazi ya kwanza ilikuwa bango la Gedi, muuza nyama. Alitaka fahali. Maalim wa msikiti wetu alisema vyenye roho visichorwe, lakini Gedi alikuwa shemeji yake, kwa hiyo fahali akasamehewa. Neno la watu lilikuwa jingine: msichana juu ya ngazi, barabarani, mbele ya wanaume. Nilijua utanikataza. Asubuhi yake ulikuja na kiti cha ngozi ukakiweka chini ya ngazi, ukaketi na fimbo magotini, ukiitazama barabara. Hukuutazama ukuta hata kidogo. Aliyesimama kunitazama ulimwuliza ni mtoto wa nani, na baba wa baba yake ni nani, na wa huyo naye, mpaka akakumbuka ana safari. Hivyo ndivyo nilivyopata jina mjini. Nilichora meno kwa mng'oa meno, mkasi kwa kinyozi, na simba anayekunywa chai kwa mwenye hoteli aliyeng'ang'ania kwamba simba huvuta wateja. Kila mteja mpya ulimshuku kwanza. Huyu mbona analipia rangi mapema? Yule mbona anataka mchoro mkubwa kuliko duka lake? Nilichoka, Aabo. Nilidhani moyo wako umefungwa kama lile ghala ulilolilinda.

Kisha ikaja kliniki.

Sista Mwende, muuguzi aliyetoka Kitui, alikuwa amehangaika mwaka mzima. Kina mama walikuwa hawaleti watoto kuchanjwa. Ilisemwa sindano ile inafunga vizazi, ilisemwa imetoka kwa watu wasiotaka tuongezeke, na baada ya yote tuliyoyaona nani angewalaumu kwa kushuku? Sista alinijia na makopo ya rangi halisi ya mafuta, ya kwanza niliyowahi kushika, akaniomba nichore mama na mtoto kwenye ukuta wa mbele, ule unaotazama soko. Alisisitiza jambo moja: mama awe wa hapa hapa, wasije wakasema ameletwa kutoka ng'ambo.

Nikamchora Nuurto. Hilo si jina lake. Nimembadilishia, maana ungenishuku nisingefanya hivyo. Alikuwa mjane kijana aliyeuza maziwa ya ngamia mwisho wa safu ya kina mama, na mtoto wake wa kiume, mchanga, mgongoni. Alifika mjini peke yake na hakuna aliyejua vizuri ametokea wapi. Alisema kaskazini, akaishia hapo. Nilinunua maziwa kwake kila asubuhi na kila asubuhi niliutazama ule uso: paji pana, kovu dogo kwenye nyusi, na macho ambayo hata akicheka hayakuacha kulinda kitu. Sikumwomba akae nimchore. Nilikuwa nimemjua kwa moyo kama ulivyowajua ngamia wako.

Ilikuwa kazi yangu bora, Aabo, na nilijua. Kina mama walikuja kumtazama, wakacheka wakasema, "Si yule wa maziwa huyo?" Waliokuja kutazama walibaki kuuliza, na waliouliza wakaanza kuleta watoto. Sista Mwende alinikumbatia mbele za watu. Alisema ameandika kwa wakubwa wake, nitachora kuta za kliniki za Balambala, kisha Ijara mpaka Sangailu. Nuurto mwenyewe alikuja jioni moja. Alisimama mbali kidogo, akavuta mtandio mpaka puani, akasema kwa sauti ndogo, "Umenifanya mimi kabisa." Akaondoka haraka. Nilidhani ni haya.

Wewe ulikuja ukaketi ng'ambo ya barabara siku nzima, ukiwatazama wanaotazama. Nilitaka useme neno. Ulipoinuka ulisema tu, "Watu wengi sana."

Wiki iliyofuata, jioni moja, Nuurto hakuonekana kwenye safu ya maziwa. Kina mama walisema amefuata ngamia. Na kabla sijapata hata kushangaa vizuri, kesho yake baada ya sala ya alfajiri, mtoto wa jirani alikuja mbio kuniambia niende kliniki.

Uso haukuwapo. Mwili ulikuwapo, mtandio wa kijani, mikono iliyomshika mtoto, mtoto mwenyewe akitabasamu. Lakini penye uso wa mama palikuwa na doa la plasta tupu, limesuguliwa kwa jiwe na mafuta ya taa. Harufu ilikuwa bado nzito. Niliporudi nyumbani nilikukuta unaosha mikono kwa mchanga, na kikoi chako kilikuwa na tone la rangi ya ngozi yake, ile niliyoichanganya kwa siku mbili mpaka nikaipata. Harufu ilikuwa ile ile.

Nilikuuliza kama ni wewe. Ulinawa mpaka ukamaliza, kisha ukasema chai imeshapoa.

Sista Mwende alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwetu, na Kiswahili chake cha Kitui kikakutana na chako. Alikuuliza kwa heshima, kisha bila heshima. Nakumbuka ulivyosimama, fimbo mkononi, ukamwambia, "Bicha ilikuwa nzuri sana, sista. Hiyo ndiyo ubaya yake." Sista alinitazama mimi kana kwamba nami nilikuwa kwenye njama. Nilijua kutoka siku ile kwamba Balambala haipo tena, wala Ijara. Hata lile doa hakutaka nilijaze. Alipaka chokaa ukuta mzima, akaning'iniza karatasi ya wizara ambayo hakuna aliyeisoma.

Mji ukapata kazi ya kusema. Kwamba ulikuwa adui wa chanjo siku zote. Kwamba maalim alikuwa amekunong'oneza. Baya zaidi, na hili niliambiwa na Gedi akiwa anakata nyama bila kunitazama: siku ile kabla ya uso kufutwa, ulionekana hotelini na mgeni, mkinywa chai muda mrefu, wewe usiyekunywa chai na mgeni. Ilisemwa umenunuliwa. Umenunuliwa na nani, hakuna aliyejua, na hilo ndilo lililofanya iaminike.

Mimi nilikuwa na hesabu yangu. Niliamini ulikuwa na wivu wa jina langu, au aibu, au umechoka kukaa chini ya ngazi. Niliamini pia kwamba ndiwe uliyemtisha Nuurto akaondoka, kwa kuwa uso wake ulikuwa ukutani. Jambo moja tu halikukaa sawa, nami nililipita: uso wa mtoto ulikuwa umeachwa. Mtu anayechukia nyuso angefuta zote mbili. Mimi binti yako, niliyefundishwa kushuku kila kitu, hilo sikulishuku.

Nikahamia kwa habaryar, mdogo wake Hooyo, upande wa pili wa mji. Hukunizuia. Ulileta mikeka yote kwa punda ukaishusha mlangoni ukaondoka.

Huko ndiko nilikoanza kuchora watu kwa mgongo. Wanawake wakienda kisimani, wanaume wakifuata ngamia, wakimbizi kwenye foleni ya unga, wote wakitazama kule, hakuna anayetazama huku. Nilichora kwenye magunia yaliyotandazwa na kupigwa gundi na chokaa. Sikuwa na fikra yoyote kubwa. Mkono wangu ulikuwa umeogopa uso. Mama mmoja aliyefanya kazi na wakimbizi alinunua moja, kisha tatu, akazipeleka Nairobi, zikatundikwa mahali. Zikanunuliwa. Wakaandika kwamba ninaonyesha watu waliopewa mgongo na serikali, wengine kwamba ninalinda heshima ya wanawake. Niliyasoma nikayashuku yote, lakini nikaendelea kuchora, maana sasa mkate ulitoka mgongoni.

Ulipougua niliitwa. Mto ulikuwa umeingia mashambani, mbu walikuwa kama moshi, na homa ilikuwa imeshakula mifugo na watu. Nilikaa kando yako tukizungumza habari za maji, paa, na mbuzi wa Gedi waliokufa. Nilikuwa na gunia moja la kazi nimelisimamisha ukutani likauke: akina mama wanne wakitembea kwa mgongo kwenye matope. Ulilitazama kutwa nzima. Jioni uliuliza, "Hawa wanaenda wapi?" Nikasema sijui. Ukasema, "Vizuri." Nilidhani ni homa inayosema. Siku mbili baadaye wanaume walikubeba juu ya maji yaliyofika magotini, wakatafuta mahali palipoinuka, na baadhi yao walikubeba huku bado wakiamini ulinunuliwa kwa chai.

Mwaka huu, baada ya mvua fupi, Nuurto aligonga mlango wa habaryar.

Sikumfungulia moja kwa moja. Nilimtazama viatu kwanza. Vilikuwa vya plastiki, na tope lake lilikuwa jekundu, la njia ya Balambala. Kando yake kulikuwa na mtoto wa kiume aliyeng'oka meno ya mbele, ambaye mara ya mwisho nilimwona akiwa mzigo wa mgongoni. Aliniambia amekuja kukupa mkono wa rambirambi, kwamba habari zilimfikia kwa kuchelewa, na kwamba ana deni la maneno. Nilimpa chai. Nikakaa mgongo ukutani.

Akanieleza. Alitoka kijiji cha mbali, kupita Rhamu, karibu na mto Daua. Mume wake alipokufa, shemeji yake alitaka kumrithi, jambo ambalo desturi inaruhusu mwanamke akiridhia. Yeye hakuridhia, kwa kuwa alijua mkono wake hupiga. Wakasema basi aende, lakini mtoto abaki, mtoto ni wa ukoo. Akatoroka naye kwenye lori la vitunguu, akafika Garissa akidhani mji una watu wengi kiasi cha kumficha.

Kisha mimi nikamweka ukutani, mkubwa kuliko mlango, mbele ya soko.

Alisema alipouona alijua siku zake zimehesabiwa, lakini hakujua la kuniambia bila kuniambia yote. Wewe ndiwe uliyeona. Ulimwona mgeni mmoja amesimama mbele ya picha muda ambao mtu hasimami kwa ajili ya picha. Watu walitazama mikono, mtoto, rangi. Yeye alitazama lile kovu la nyusi. Ukamwona anamwuliza mwuza miwa jina la yule mama. Basi ukamkaribisha chai, Aabo, wewe, ukamwuliza baba yake na baba wa baba yake, kwa upole wote wa wazee, mpaka akakupeleka mwenyewe mpaka kwenye ukoo wa yule shemeji. Ukamwambia mchoraji ni binti yako, kwamba kichwa chake si kizima, huchora watu aliowaota. Akacheka. Lakini akasema hata hivyo atamleta ndugu yake, yule shemeji, aje auone kwa macho yake.

Mlipoachana ulienda moja kwa moja kwa Nuurto, mara ya kwanza na ya mwisho kuzungumza naye. Hukukaa, ulimweleza haya yote umesimama. Alasiri ile ile ulimpandisha gari la kwenda Balambala kwa mke wa binamu yako, na alfajiri ukaenda kliniki na jiwe.

Nilimwuliza Nuurto kwa nini hukuniambia mimi. Nilikuwa nimeanza kulia na sikutaka aone. Alisema alikuuliza neno hilo hilo pale kwenye gari. Ulimjibu, "Wakija watamwuliza yeye kwanza. Asiyejua hawezi kutikisa kichwa."

Na kweli walikuja, Aabo. Sasa nakumbuka. Wanaume wawili wenye adabu walifika kwa habaryar mwezi ule nilipohamia, wakaniuliza habari za picha ya kliniki. Niliwaambia kwa hasira yangu yote kwamba baba yangu ameiharibu kwa kuwa ni mtu asiyependa mtu, na kwamba yule muuza maziwa ameondoka na sijui kaenda wapi wala sitaki kujua. Waliniamini. Hakuna mtu ambaye angeweza kutoniamini siku ile.

Unadhani nilimwamini Nuurto? Wewe ndiwe uliyenilea. Nilisema ahsante, nikamsindikiza, na kesho yake nikapanda gari la Balambala. Nilimtafuta mke wa binamu yako, bibi ambaye sasa haoni vizuri, nikamwuliza bila kumpa jibu mdomoni: ni nani aliyewahi kuletwa kwako na baba yangu? Akanieleza yote tena, pamoja na rangi ya mtandio. Akaongeza kwamba ulikuwa ukija kila baada ya Idi na mbuzi mmoja, ukikaa mbali na mwanamke yule, ukitaka tu kumwona mtoto anavyotembea. Miaka hiyo yote mimi nilikuwa upande wa pili wa mji.

Sijui nifanye nini na moyo wangu, Aabo. Kuna siku nakushukuru. Kuna siku nakukasirikia, kwa kuwa ulinijua vya kutosha kuitumia hasira yangu lakini hukuniamini vya kutosha kuniambia baadaye, hata mto ulipokuwa mlangoni na tulikuwa wawili tu chumbani. Labda ulidhani bado kuna masikio. Labda yalikuwapo. Nashuku pia kwamba ulipoliona lile gunia la akina mama wanne ulifikiri nimeshaelewa, na ndiyo maana ulisema vizuri. Sitajua.

Nuurto hafichwi tena. Yule shemeji ameoa kwingine, na wazee wa pande zote wamekaa wakakubaliana mtoto akae na mama yake. Nilimwuliza kama niandike. Alisema niandike. Kisha akaomba jambo jingine, nami nilikaa siku kadhaa nikilipima kwa maswali yako yote: nani amemtuma, itamfaa nani, nani atapita na kuona. Sista mpya wa kliniki, aliyerithi ule ukuta wa chokaa, hakuwa na pingamizi.

Jumatano iliyopita, siku ya soko la mifugo, nilimsimamisha Nuurto mbele ya ule ukuta, mchana peupe, na mwanawe akimshika mkono. Nilianza na kovu. Nilipofika kwenye macho niliacha kuharakisha, kwa sababu macho yalikuwa yamebadilika, na ikanibidi niyatazame upya badala ya kukumbuka. Watu walijaa. Gedi alikuwapo na kisu chake kiunoni. Maalim alisimama mbali akijifanya ananunua kamba. Walikuwa wananong'ona kama zamani, huyu ni nani, si yule aliyefutwa, nani ameruhusu.

Nilipoteremka, Nuurto alishusha mtandio mabegani. Akautazama uso wake, kisha akawageukia watu wote, waliomjua na wasiomjua, akasema kwa sauti ya mwuza maziwa inayofika mwisho wa safu, "Huyu ni mimi."

Allah akulaze pema, na kaburi lako alifanye pana, mahali ambapo hakuna mlango wa kuutazama.

Ni mimi, binti yako mchoraji